Maua katika Makopo

Mmea wa shambani hupeleka mizizi yake mbali kutafuta maji. Mmea uliomo koponi hauwezi kufanya hivyo. Hutegemea kile tu unachoupa wewe.

Jaribio

1. Chukua makopo mawili makubwa yanayolingana. Kwa msumari, toboa matundu matano chini ya kopo A. Usitoboe kopo B.
2. Changanya udongo sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Jaza makopo yote mawili.
3. Panda mbegu tatu za zinia katika kila kopo. Weka makopo mahali penye jua.
4. Nyunyizia maji kidogo mpaka mbegu ziote. Kisha mwagilia kila kopo kikombe kimoja cha maji kila siku.

Baada ya muda, mimea ya kopo B hugeuka manjano na kunyauka, ingawa udongo wake umejaa maji. Kwa nini?

Mizizi huhitaji hewa. Maji yasiyo na pa kutokea hujaza nafasi zilizomo kati ya chembe za udongo na kuiondoa hewa. Mizizi hukosa oksijeni, huoza, nayo haiwezi tena kufyonza maji. Hivyo mmea hunyauka ukiwa majini.

Kwa hiyo, kabla ya kumwagilia maua yako, chomeka kidole udongoni. Udongo ukiwa mbichi, ngoja.

Swali

Kopo lililotundikwa barazani hukauka upesi kuliko lililowekwa chini. Unadhani ni kwa nini?