Televisheni za Bukavu katika njia ya dijitali: tuhesabu gharama kwanza

Siku hizi neno "dijitali" linasikika sana mjini Bukavu, hata mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Mama mmoja anauliza kama televisheni yake ya zamani itakufa. Kijana mwingine anasema kwamba kila kituo kitakuwa cha HD. Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa maneno mepesi, kwa sababu linagusa mfuko wa kila nyumba, na pia habari, nyimbo na mahubiri ambayo wengi wetu tunayapata kwa televisheni za mahali.

Mambo yalianzia Geneva mwaka 2006. Nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zilipatana kuacha njia ya zamani, yaani analojia, kufikia tarehe 17 Juni 2015. Nchi nyingi za Afrika zilipewa mpaka 17 Juni 2020 kwa sehemu ya masafa. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kwetu Kongo, mwaka 2015 ulifika kazi ikiwa haijaisha.

Tofauti ni nini? Katika analojia, kila kituo kinachukua masafa mazima peke yake. Katika dijitali, picha na sauti zinageuzwa kuwa namba na kubanwa, kisha vituo vingi vinasafiri pamoja. Ni kama abiria wa Goma wanaopanda boti moja, badala ya kila mtu kukodi mtumbwi wake. Masafa yanayobaki wazi yanaweza kutumika kwa simu na intaneti.

Lakini dijitali na HD si kitu kimoja. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576. Picha ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, karibu mara tano zaidi. Ni nzuri sana kwa macho, ila mzigo wake ni mkubwa. Masafa yanayobeba vituo kumi au zaidi vya picha ya kawaida yanaweza kubeba vinne au vitano tu vya HD. Tena, kituo kinachopiga picha kwa kamera ya zamani hakiwi cha HD kwa sababu tu kimeingia katika dijitali. Kinahitaji kamera, kompyuta na mafundi waliofundishwa.

Kuna pia milima yetu. Ibanda, Kadutu na Bagira haziuoni mnara kwa namna moja. Katika analojia, mtu aliye nyuma ya kilima aliona picha yenye chenga, lakini alisikia habari. Dijitali haina huruma hiyo: picha ni safi, au inakatika vipande-vipande na kupotea. Kwa hiyo mnara mmoja hautoshi. Inahitajika mitambo midogo ya kusaidia, na kila mtambo unahitaji umeme usiokatika.

Kwa yule mama, jibu ni hili: televisheni ya zamani haifi. Inahitaji dekoda, na mara nyingi antena ya juu ya paa inaweza kuendelea kutumika. Kabla ya kununua, uliza: Je, dekoda hii inalipiwa kila mwezi? Nisipolipa, vituo vya Bukavu vitabaki au vitazimika? Hapo ndipo familia nyingi zinapoumia.

Vituo vyenyewe vina swali gumu zaidi. Zamani kituo kidogo kilikuwa na mnara wake. Sasa kinaingia katika boti ya mwingine, na mwenye boti ndiye anayepanga nauli. Nchini Kenya, mwezi wa pili 2015, hata vituo vikubwa kama Citizen, NTV na KTN vilikaa karibu majuma matatu bila kuonekana, kwa sababu ya mgogoro juu ya nani atasambaza matangazo yao. Ikiwa wakubwa walitikisika hivyo, kituo kidogo cha Bukavu kitafanya nini? Kikishindwa nauli, tutaona vizuri mambo ya Kinshasa na Paris, lakini hatutaona udongo ulioporomoka Kadutu, wala kwaya zetu zikiimba kwa Kiswahili na Mashi.

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: inampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Makanisa yanayotaka kuwa na televisheni yasikimbilie kamera za HD kabla ya kujua nauli ya kila mwezi. Vituo vidogo vijadiliane na wasambazaji kwa pamoja, si kimoja kimoja. Nasi sote tuwaombe viongozi kwamba vituo vya mahali vionekane bila malipo ya kila mwezi. Picha safi ni jambo jema; lakini isiwe safi kwa tajiri peke yake, na giza kwa mjane aliye nyuma ya kilima.