MAJI YA KUNYWA NYUMBANI: TUCHEMSHE, TUCHUJE AU TUNUNUE?

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja kijana wa kikundi chetu alinivuta pembeni. Anaishi Kariakoo, ghorofa ya nne, ana watoto wawili na wa tatu yuko mgongoni.

"Sista," aliniambia, "wewe ni muuguzi, niambie kweli. Wifi yangu anasema tunywe maji ya chupa tu. Mama mkwe anasema tuchemshe kama zamani. Mume wangu naye ameonyeshwa mtambo wa kukeneka maji. Nimsikilize nani?"

Nilimjibu kwa swali: "Maji yako yanatoka wapi, na mnayateka kwa nini?"

Yajue maji yako

Maji mengi ya bomba hapa mjini hutoka Mto Ruvu, na husafishwa na kutiwa klorini katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Shida huanza njiani. Maji yanapokatika, kama wakati wa mgao wa Oktoba 2022 mto ulipopungua, bomba lililotoboka hubaki tupu na uchafu wa ardhini huweza kuingia. Kisha kuna tangi la juu ya paa ambalo pengine halijafunguliwa tangu liwekwe. Wengine tunanunua madumu kwa wasukuma mikokoteni, wala hatujui yalikotekwa. Wengine tuna kisima chenye maji ya chumvi, na shimo la choo haliko mbali.

Kwa hiyo maji yana maadui wa aina mbili. Wapo vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Ipo pia chumvi na madini yaliyoyeyuka. Dawa ya adui mmoja si lazima imweze mwenzake.

Njia nne na kazi zake

Kuchemsha huua vijidudu vyote vya kuhara. Maji yakitokota kwa nguvu kwa dakika moja yanatosha. Kama yana tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Lakini kuchemsha hakuondoi chumvi. Mwenye kisima cha chumvi atachemsha mpaka mkaa uishe, na chumvi itabaki pale pale.

Filta yenye mishumaa ya udongo mweupe hunasa tope na bakteria wengi. Virusi ni vidogo mno, hupenya. Kwa hiyo filta peke yake haitoshi kwa maji usiyoyaamini. Mshumaa husuguliwa kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni, na ukipata ufa hutupwa.

Maji ya chupa ni mazuri yakiwa ya kweli. Tazama alama ya TBS, tarehe na kizibo. Kizibo kisipokatika kwa mlio unapokifungua, usimpe mtoto. Stendi na barabarani wapo wanaookota chupa na kuzijaza tena. Halafu piga hesabu. Familia ya watu sita, kila mmoja akinywa lita mbili, hutumia lita 360 kwa mwezi, yaani madumu 19 ya lita 18.9. Zidisha kwa bei ya dukani kwako, uone kama fedha hiyo haitoki kwenye maziwa na mboga za watoto.

Maji yaliyokenekwa ni mvuke ulioshikwa ukapozwa ukawa maji. Hayana vijidudu, hayana chumvi, na madini karibu yote yamebaki chini. Mtambo huu una kazi ya maana palipo na madini mabaya, kama sehemu za Arusha ambako floridi huharibu meno na hata mifupa ya watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Lakini kwa maji ya Ruvu ni gharama kubwa ya umeme kwa kazi ambayo sufuria inaiweza. Na tafadhali, akina mama: maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta si ya kunywa. Hayakutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu.

Kosa langu mwenyewe

Haya yote niliyajua nikiwa na cheti changu ukutani, na bado mwanangu wa pili alilazwa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka tisa. Nyumbani tulikuwa tunachemsha kila jioni. Nilikaa kando ya kitanda chake nikijiuliza kosa liko wapi.

Niliporudi nyumbani nilitazama. Maji yaliyochemshwa yalimiminwa kwenye ndoo pana isiyo na kifuniko. Juu yake palikuwa na kikombe kimoja, na kila mtu alichota kwa mkono wake, atoke chooni au atoke kucheza. Siwezi kuapa kwamba ugonjwa ulitoka hapo. Ila najua niliyapika maji kisha nikayachafua mwenyewe. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Ile ndoo ikawa ya kufulia.

Fanya hivi

Hifadhi maji ya kunywa katika chombo chenye mdomo mwembamba au ndoo yenye bomba na kifuniko. Kioshe kwa sabuni kila kinapoisha maji. Mtu asitumbukize kikombe wala mkono. Tenga dumu la kuchotea na dumu la kunywa. Mkaa ukikosekana, tumia dawa ya maji inayouzwa maduka ya dawa kwa kipimo kilichoandikwa, kisha subiri nusu saa. Oga la tangi lisafishwe. Na mikono ioshwe kwa sabuni, kwani kipindupindu kilicholipuka hapa Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani hakikuchagua mwenye chupa na mwenye sufuria.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe maji yoyote, hata ya chupa, hata kuna joto. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS na umwahishe kituo cha afya.

Yule mama kijana alirudi baada ya wiki mbili. Wanachemsha maji ya bomba, wamenunua ndoo ya bomba, na chupa wananunua safarini. "Na huyu wa mgongoni," alisema, "nimeacha kumpa maji. Sikujua, Sista."

Mwanamke Msamaria alikwenda kisimani na mtungi wake, na Bwana akamkuta katika kazi hiyo ya kila siku. Nasi tunapojaza ndoo jioni, tukumbuke kwamba hiyo nayo ni huduma. Mungu abariki nyumba yako.