Gemu ya Zamani Hairudi kwa Kurudiwa

Mapema Machi 2017, jijini San Francisco, Hidemaro Fujibayashi wa Nintendo aliwaeleza watengenezaji wenzake namna timu yake ilivyounda The Legend of Zelda: Breath of the Wild, gemu iliyokuwa ikiingia sokoni wiki ileile. Mtu angetarajia aonyeshe milima, mabonde na nyasi zinazoyumba kwa upepo. Katikati ya maelezo hayo zilijitokeza picha bapa za vijisanduku vya rangi, zinazofanana kabisa na Zelda ya kwanza ya mwaka 1986. Shujaa Link alirusha mshale ukapita kwenye moto, ukawaka, na miti iliyokuwa mbele ikashika moto.

Haukuwa mzaha. Timu ilikuwa imetengeneza gemu hiyo ndogo ya majaribio ili kupima wazo moja: dunia ambamo moto, maji, miti na silaha vinaathiriana kwa kanuni zinazoeleweka, na mchezaji anaachwa agundue mwenyewe yanayowezekana. Walitaka kuona kama wazo hilo lina utamu hata likivuliwa mapambo yote. Kilichozaliwa ni Zelda iliyovunja karibu kila desturi ya Zelda zilizoitangulia, lakini yenye ladha ya ile ya kwanza kuliko nyingi zilizokuwa zikizifuata desturi hizo kwa utiifu.

Hilo ni fumbo linalozikabili gemu zote kongwe. Super Mario Bros. ilitoka mwaka 1985, Final Fantasy 1987, Sonic the Hedgehog 1991, Resident Evil 1996. Mtoto aliyezicheza akiwa darasa la nne leo ana mvi mbili tatu, ana mshahara, na huenda ana mtoto wa rika lilelile. Kampuni inamtaka mzazi huyo afungue pochi tena. Njia rahisi ni kumuuzia kilekile alichokipenda, kikiwa kimepakwa rangi mpya. Tatizo ni kwamba anachokikumbuka hakiko kwenye diski. Anaikumbuka hali aliyokuwa nayo alipokuwa hajui kilichoko nyuma ya mlango unaofuata. Kitendawili kikishateguliwa hakimsumbui tena aliyekitegua. Ukitaka kumrudishia raha yake, mtegee kingine.

Uwanja usio na maelekezo

Zelda ya kwanza, kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, ilianza bila salamu. Link amesimama uwanjani bila upanga. Kuna njia ya kushoto, ya kulia na ya juu, na mdomo wa pango pembeni. Ukiingia pangoni unamkuta mzee anakupa upanga. Usipoingia, shauri yako. Miyamoto ameeleza kwamba wazo hilo lilitoka utotoni kwake Sonobe, karibu na Kyoto, alikokuwa akizurura porini na kugundua mapango. Gemu ilijaa siri za namna hiyo. Kichaka ukikiunguza kwa mshumaa kilifichua ngazi, na ukuta ukiulipua kwa bomu ulifungua njia. Siri hizo zilipatikana kwa kubahatisha, kisha zikapokezanwa kwa mdomo kati ya mtoto na mtoto.

Miaka ilivyokwenda, Zelda ikawa na adabu zaidi. Ocarina of Time ya 1998 iliupeleka mfululizo huo kwenye dunia ya pande tatu kwa ustadi unaosifiwa mpaka leo, ila ilimpa pia Link msaidizi mwenye mabawa, Navi, wa kumwelekeza. Mazoea yakajijenga: ingia ngome ya kwanza, pata chombo kipya, kitumie kumwangusha bosi anayeilinda, kisha nenda ngome ya pili. Kufikia Skyward Sword ya 2011, msaidizi mwingine, Fi, alikuwa akimweleza mchezaji mambo ambayo ameshayaona kwa macho yake, na wengi walichoshwa naye.

Mwanzoni mwa 2013 mtayarishaji Eiji Aonuma alitangaza kwamba desturi za Zelda zitaangaliwa upya, ikiwemo ile ya kupita ngome kwa mpangilio mmoja. Mwaka huohuo ikatoka A Link Between Worlds. Ardhi yake iliazimwa kutoka A Link to the Past ya 1991, ila karibu vyombo vyote vilikodishwa mapema tu, ili mchezaji aamue mwenyewe aanzie wapi. Aliyeikariri ile ya 1991 aliijua nchi lakini hakujua safari.

Breath of the Wild ikamaliza kazi. Link anatoka pangoni na kuiona nchi nzima mbele yake. Karibu kila mlima unapandika. Akishamaliza uwanda wa mwanzo, anaruhusiwa kwenda moja kwa moja kupambana na adui mkuu, hata kama mkononi ana gongo tu. Ngome kubwa za zamani ziliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na mahekalu madogo 120 na majitu manne ya mashine. Silaha zinavunjika katikati ya pigano, jambo ambalo mashabiki hawajaacha kuligombania. Ukihesabu vipengele, hii ni gemu iliyoitupa mirathi yake. Ukiicheza, umerudi kwenye uwanja wa 1986, huna anayekwambia pa kwenda. Nakala zake zimeuzwa zaidi ya milioni 30, ilhali Ocarina of Time iliuza milioni 7 na ushee kwenye mashine yake ya awali, Nintendo 64.

Hofu ilikaa wapi?

Resident Evil ilipita njia yenye makovu zaidi. Ya kwanza, iliyoongozwa na Shinji Mikami wa Capcom, ilitoka Machi 1996 ikiwa na kamera zisizosogea. Sababu ilikuwa ya kiufundi. PlayStation ya kwanza haikuwa na nguvu ya kuchora jumba lenye mapambo mengi kiasi kile wakati huohuo inawaendesha wahusika, kwa hiyo vyumba viliandaliwa kabla kama picha zilizotulia, na wahusika wakatembezwa juu yake. Udhaifu wa mashine ukazaa hofu. Mchezaji alisikia miguu ya zombi ikiburuzwa, lakini pembe ya kamera ilimficha. Risasi zilikuwa chache, nafasi ya kubebea vitu ilikuwa finyu, na hata kuhifadhi pale ulipofikia kulidai utepe wa wino wa taipureta.

Mwaka 2005, Resident Evil 4 iliihamisha kamera hadi nyuma ya bega la mhusika. Ilikuwa kazi bora, na gemu nyingi za bunduki zikaiga mtazamo huo. Lakini mhusika anayelenga vizuri haogopi sana. Matoleo yaliyofuata yakaongeza milipuko juu ya milipuko, hadi Resident Evil 6 ya 2012 ikawa sinema ya vita. Iliuza, lakini wapenzi wa hofu waliona nyumba yao imehamwa.

Januari 2017 ikaja Resident Evil 7. Safari hii mchezaji anaona kwa macho ya mhusika mwenyewe, Ethan Winters, mtu wa kawaida anayemtafuta mke wake katika nyumba ya familia ya Baker huko Louisiana. Wapo waliong'aka kwamba sasa si Resident Evil tena. Mwacha asili ni mtumwa, ni kweli, lakini asili ya gemu hii ilikuwa ipi? Ondoa suala la kamera, kisha tazama kilichobaki. Kuna nyumba moja inayojulikana chumba kwa chumba, milango inayodai funguo zenye alama maalumu, risasi za kuhesabu, na chumba salama chenye sanduku la kuwekea vitu. Yote ni ya 1996. Capcom walibadilisha jicho, wakarudisha nyumba.

Januari 2019 walikwenda mbali zaidi kwa kuiunda upya Resident Evil 2 ya mwaka 1998. Wangeweza kurejesha kamera zisizosogea na kuitwa waaminifu. Badala yake waliuchukua mtazamo wa begani, ule uliolaumiwa kwa kuua hofu, wakajiuliza watauponya vipi. Jibu la kwanza lilikuwa giza. Kituo cha polisi cha Raccoon City kilizimwa taa, mchezaji akapewa tochi, na kilicho nje ya mwanga wake kikawa kimefichika kama kilivyofichwa zamani na pembe ya kamera. Jibu la pili lilikuwa sauti. Mr. X, jitu lenye kofia, zamani lilijitokeza mahali palipopangwa, na katika mzunguko wa pili tu wa hadithi. Sasa linazurura kituoni likimsaka mchezaji, na nyayo zake nzito zinasikika kupitia kuta na dari. Unajua lipo, unajua linakuja, hujui litatokea mlango gani. Hofu ya 1998 ilirudi kwa kupitishwa njia ambayo mwaka huo haikuwepo.

Mizuka inayolinda hadithi

Kampuni ya Square Enix iliugeuza mvutano huu wa zamani na upya kuwa sehemu ya hadithi yenyewe. Final Fantasy VII ya 1997 ni gemu ambayo mashabiki waliomba iundwe upya kwa miaka mingi. Final Fantasy VII Remake ilipotoka Aprili 2020, ilikuwa imechukua mji wa Midgar tu, sehemu ya saa chache katika ile ya kwanza, na kuupanua ukawa gemu nzima. Kupigana kwa zamu kukachanganywa na mapigano ya papo kwa papo. Na kwa waliozoea kuchagua amri tu, ukawekwa mtindo ambao mhusika anajiendesha mwenyewe huku mchezaji akiamua mbinu.

La kushangaza zaidi ni mizuka iitwayo Whispers. Kila mambo yanapotaka kwenda tofauti na yalivyokwenda mwaka 1997, mizuka hiyo hutokea na kuyarudisha kwenye mstari. Kwa maneno mengine, wahusika wanapambana na hadithi yao ya zamani. Aliyeishuhudia simanzi ya kifo cha mhusika Aerith miaka ile anajikuta hana tena uhakika wa kitakachompata. Mkurugenzi wa Remake ni Tetsuya Nomura, aliyechora wahusika wa ile ya kwanza, na mtayarishaji ni Yoshinori Kitase, aliyeiongoza. Wenye hadithi wenyewe ndio waliokataa kuisimulia vilevile. Wapo mashabiki waliolipokea hilo kwa hasira, na hoja yao ina uzito: walioomba nyumba yao ikarabatiwe walipewa nyumba mpya kwenye kiwanja kilekile. Hata hivyo, ni vigumu kumshtua mtu kwa msiba anaoujua tarehe yake.

Vidole navyo vinakumbuka

Je, basi kila kitu kibadilishwe? Sonic anatuzuia kukimbilia jibu hilo. Agosti 2017 Sega ilitoa Sonic Mania, iliyoongozwa na Christian Whitehead wa Australia, aliyeanza kama shabiki anayetengeneza kazi zake mwenyewe. Picha zilikuwa bapa, rangi za miaka ya 1990, mwendo wa kushoto kwenda kulia. Ilisifiwa sana. Miezi michache baadaye ikaja Sonic Forces, kubwa na ya kisasa, ikapokelewa kwa ubaridi. Sababu ni kwamba raha ya Sonic haikuwa katika kutojua. Ilikuwa katika uzito wa mwili wake: anavyoshika kasi kwenye mteremko, anavyoipoteza akipanda, anavyoruka ukimwachia kwa wakati wake. Hiyo ni kumbukumbu ya vidole, na vidole havidanganyiki.

Wasomaji wa huku wanalijua hilo kupitia mpira. Katika vibanda vya PlayStation, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, Winning Eleven na Pro Evolution Soccer (PES) zililea kizazi kizima kwa malipo ya mechi moja moja, aliyefungwa anaachia pedi. Waliozicheza wanayakumbuka majina ya Castolo na Minanda, wachezaji wa kubuni wa Master League, na shuti la mguu wa kushoto la Adriano katika PES 6 lililovunja urafiki wa watu. Mwaka 2021 Konami, kampuni inayoitengeneza, iliamua kuanza upya kabisa. Jina likawa eFootball, gemu ikawa ya bure, injini yake ikabadilishwa. Ilipotoka Septemba 30 ilikuwa na timu chache, haina Master League, na nyuso za wachezaji zilizopinda zikawa kichekesho cha dunia. Ndani ya siku chache Konami iliomba radhi. Walikuwa wamebadilisha vingi bila kuuliza mpenzi wa PES alikuwa akirudi kutafuta nini. Wakati huohuo vijana wamekuwa wakiendelea kucheza PES za PSP kwenye simu, wengine wakizivisha jezi za Simba na Yanga.

Ukiziweka kesi hizi pamoja, ubishi wa kubadilisha au kutobadilisha unakosa maana. Kazi ya kwanza ya mtengenezaji ni kupeleleza utamu ulikaa wapi. Wa Zelda uliishi katika kupotea, wa Resident Evil katika kile kisichoonekana, wa Sonic katika vidole, wa PES katika mchezo wenyewe na timu ya wasiojulikana unayoipandisha taratibu hadi ubingwa. Palipo na utamu huo pasiguswe. Kilichobaki, hata kama mashabiki wanakiabudu, kinaweza kuwa ganda tu.

Mashabiki wenyewe si mahakimu wazuri wa jambo hilo, kwa kuwa wanalinda vitu wanavyoweza kuvitaja: kamera ile, ngome zile, zamu zile. Hakimu wa haki ni mtoto asiyekumbuka chochote. Mpe Breath of the Wild mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la Zelda, naye ataondoka kwenye njia kufuata moshi wa mbali, kama mzazi wake alivyochoma kichaka akitarajia ngazi. Gemu inayomfurahisha yule tu aliyekuwepo inauza picha za arusi kwa maharusi. Inayomteka ambaye hakuwepo ndiyo iliyoelewa kwa nini waliokuwepo hawakutaka kuondoka.