Baraza la wanawake wa Wadatoga

Baraza la wanawake wa Wadatoga (kwa Kidatoga: girgwageda gademga) ni mkutano wa kimila ambao unaweza kumshtaki, kumhukumu na kumtoza faini mwanamume aliyemdhulumu mwanamke. Linajulikana hasa kwa Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga wanaoishi kandokando ya mlima Hanang katika Mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Nguvu yake inategemea imani kwamba Mungu, anayeitwa Aseeta, husikia kilio na laana ya wanawake.

Mazingira

Wadatoga kwa asili ni wafugaji wa ng'ombe, na lugha yao ni mojawapo ya lugha za Kiniloti. Huko Babati, makao makuu ya mkoa, mji ambao Nangara ni mojawapo ya kata zake, wanaishi jirani na Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe na Warangi.

Utaratibu

Kwa kawaida kesi za mifugo, malisho na ndoa husikilizwa na mabaraza ya wanaume. Baraza la wanawake huitishwa pale kosa linapowagusa wanawake kama wanawake, hasa katika mambo ya uzazi. Mfano ni mume anayempiga mke wake katika kipindi cha kukaa ndani baada ya kujifungua, wakati mama bado hana nguvu na mtoto ni mchanga.

Kosa la namna hiyo halihesabiwi kuwa ugomvi wa nyumba moja. Wanawake wa eneo hilo hukutana bila wanaume, hujadili shauri na kutoa hukumu. Adhabu ya kawaida ni ng'ombe dume. Mwanamume akikataa kulipa, wanawake wanaweza kumlaani. Laana hiyo huogopwa sana, na ndiyo inayolipa baraza uwezo wa kutekeleza hukumu ingawa halina askari wala gereza.

Msingi wa imani

Katika mawazo ya Wadatoga uzazi ni baraka inayotoka kwa Mungu. Anayemdhuru mama mzazi anaingilia kazi ya Mungu mwenyewe, na madhara yake yanaweza kuifikia jamii nzima. Kwa sababu hiyo kumtetea mama huyo si hisani ya jirani mwema, bali ni wajibu wa wanawake wote.

Mipaka

Ulinzi huo una upande wa pili. Imani hiyohiyo kuhusu uzazi iliwawekea wanawake miiko mizito: mwanamke aliyeharibikiwa na mimba au kufiwa na mtoto aliweza kutengwa na wengine kwa muda mrefu, katika hali inayoitwa metida. Hivyo aliyehitaji faraja zaidi aliweza kubaki peke yake.

Siku hizi kuna pia sheria ya nchi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko au kipigo. Makosa ya jinai, kama vile ubakaji, ni ya polisi na mahakama. Faini ya ng'ombe haiondoi mashtaka hayo.

Utafiti

Mwanaanthropolojia Mmarekani George Klima aliandika kuhusu baraza hili katika makala ya mwaka 1964 na katika kitabu chake juu ya Wabarabaig cha mwaka 1970. Baadaye Astrid Blystad wa Norwei alichunguza uzazi na dini ya Wadatoga. Kwa upande wa majirani zao, Katherine Snyder ameandika juu ya maandamano ya akina mama wa Kiiraqw, ambao katika dini yao ya jadi Mungu, Looaa, hufikiriwa kuwa wa kike, mama mwenye huruma.

Tazama pia

Wadatoga
Wairaqw
Mkoa wa Manyara
Nangara