CPL Iko Mfukoni Lakini Simu Hailii? Cheki Kalenda Yako Kwanza

Kuna ile picha kila rubani mpya huposti. Shati jeupe, mistari kwa mabega, ndege ndogo nyuma yake, Wilson Airport. Watu wa mtaa wanampa maua yake, mathe analia kwa furaha, buda ananyamaza juu anakumbuka shamba aliuza ndio hiyo picha ipatikane.

Chenye hakipostiwi ni miezi inafuata. Msee yuko kwa keja, anaangalia simu, hakuna kampuni imeitana.

Wengi hudhani shida ni konekshen tu. Ukweli, konekshen husaidia. Lakini kuna shida ingine hatuongelei: wakati. Cheti chako cha KCSE kinaweza kukaa kwa droo miaka 20 na hakiharibiki. Karatasi za rubani huoza.

Ni nini huisha?

Ya kwanza ni medikali. Ndio upate CPL, ile leseni inakuruhusu kulipwa ukirusha ndege, lazima uwe na medikali ya Class 1. Kwa msee hajafika miaka 40, hiyo hudumu miezi 12. Ukiipata Januari na uanze kuaplai Oktoba, unaenda intavyu na karatasi inakaribia kukufa mkononi.

Ya pili ni mikono yako. Sheria ya kawaida inasema ndio ubebe abiria lazima uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Ukikaa nyumbani miezi mitano, leseni bado iko, lakini huwezi beba mtu hadi ulipie ndege tena ujinoe.

Ya tatu ni matokeo ya mitihani ya kuandika. Wale wameenda kusomea Marekani wanajua: ukipita mtihani wa kuandika wa CPL, matokeo hudumu miezi 24. Doo ikiisha katikati na usifanye mtihani wa angani kabla hapo, unarudi kukalia karatasi upya. Na ukirudi home, bado unafaa kubadilisha leseni iwe ya KCAA ndio ufanye kazi na ndege za 5Y. Hiyo ni miezi ingine ya kuweka kwa hesabu.

Sasa unajipangaje?

Hesabu kutoka mwisho ukirudi nyuma. Anza na siku unataka kuwa kazini.

Chukua mfano wa Maasai Mara. Julai hadi Oktoba nyumbu wanavuka, watalii wamejaa, Caravan zinatoka Wilson asubuhi na mchana. Kampuni inayotaka rubani Julai haiwezi mtafuta Julai. Lazima wamfundishe ndege yao na wamcheki kabla wamwachie abiria. So hapo Februari hadi Aprili ndio CV yako inafaa iwe kwa meza yao.

Rudi nyuma tena. Mtihani wa angani uwe umeisha kufikia Januari. Mitihani ya kuandika iwe imeisha kabla ya hapo. Medikali uirenew karibu na kuaplai, iende ikiwa mbichi. Ile medikali ya kwanza kabisa, hiyo fanya kabla hata hujalipa karo, juu hutaki kujua macho yako yamekataa baada ya shamba kuuzwa.

Halafu kuna ATPL, ile leseni ya kukaa kiti cha kapteni kwa ndege kubwa. Inataka masaa 1,500 na uwe umefika miaka 21. Wengi hutoka shule na kama masaa 200, so pengo ni masaa 1,300. Ukipata kazi ya instrakta ama charter inakupa masaa 50 kwa mwezi, utafika kwa miezi 26. Ukipata 15 kwa mwezi, ni zaidi ya miaka saba.

Hiyo hesabu ndio inakuambia ukalie mtihani wa ATPL lini. Marekani matokeo yake hudumu miezi 60. Msee wa masaa 50 anaweza fanya mapema akili ikiwa bado moto. Msee wa 15 akifanya leo, matokeo yatakufa kabla afike 1,500. Kabla ulipe, uliza KCAA matokeo yako yatadumu hadi lini, halafu linganisha na masaa unapata kweli, si yale unaota.

Na usimalize doo yote kwa mtihani. Machi 2020 Kenya ilifunga ndege za abiria za kimataifa, zikarudi 1 Agosti. Ukimaliza shule wakati kama huo, kalenda haikuulizi. Aliyeweka kitu kando ya kurenew medikali na kurusha masaa machache ndiye huwa tayari milango ikifunguliwa. Mwenye alitumia hadi shilingi ya mwisho kwa sherehe ya kugraduate anaanza kutafuta doo wakati wenzake wako intavyu.

So leo jioni toa kalenda. Andika medikali inaisha lini, ulipaa mara ya mwisho lini, mitihani inaexpire lini. Ukiona tarehe mbili zimegongana, usilipie mtihani mwingine bado. Panga hizo kwanza. Lile shamba haliuzwi mara mbili.