Mawe Yetu Yana Habari: Namna Kikundi Kinavyoweza Kuongoza Wageni Milimani



Siku moja tulipanda kilima huko Nyatike pamoja na kikundi cha kina mama. Karibu na kilele tulikuta ukuta wa zamani wa mawe uliofunikwa na vichaka. Upande mmoja ulikuwa umebomoka, na si mvua iliyoubomoa. Kijana mmoja wa jirani alikuwa anapakia yale mawe kwenye mkokoteni, akajengee msingi wa nyumba. Tulipomwuliza, alijibu kwa heshima: "Mama, haya ni mawe tu. Hayana mwenyewe."

Hatukuweza kumlaumu. Hata sisi tulikuwa tumepita njia ile mara nyingi bila kuuliza ukuta ulijengwa na nani. Ni mzee mmoja tuliyefuatana naye aliyetusimamisha. Alituonyesha mahali pa mlango, mahali ng'ombe walipolala, na mahali walinzi walipokaa usiku. Kijana aliweka mkokoteni chini, akasikiliza mpaka mwisho. Mawe aliyokwisha kuyapakia hakuyarudisha, maana msingi ulikuwa umeshachimbwa. Lakini hakurudi kuchukua mengine.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwaza: kama habari ya mzee mmoja ilitosha kuuokoa ukuta, je, habari hiyo haiwezi pia kukisaidia kikundi? Ndiyo maana leo tunazungumzia matembezi ya milimani. Mgeni au mwanafunzi anatembea na mwenyeji, anaonyeshwa mawe, magofu na migodi ya zamani, anaelezwa, kisha analipa kidogo. Anaondoka na habari, na mawe yanabaki pale pale.

Tuna nini cha kuonyesha?

Wengi watasema, "Huku kwetu hakuna kitu." Hebu tuhesabu pamoja.

Kwanza, kuta za wazee. Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, ni boma kubwa la mawe lililojengwa karibu miaka 500 iliyopita. Mwaka wa 2018 UNESCO iliiandika kuwa Urithi wa Dunia. Kuta zake zina urefu wa kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu kwenda juu, na unene wa kama mita moja. Hazina saruji wala udongo wa kushikiza. Wajenzi walipanga mawe upande wa nje na upande wa ndani, wakajaza madogo katikati, kila jiwe likimshika mwenzake. Milango ni midogo na ya chini. Adui aliyetaka kuingia alilazimika kuinama, na ukimwinamisha adui umeshamshinda nusu. Ndani walikaa watu na mifugo yao, na kuna mahali chuma kilipofuliwa. Huko Zimbabwe watu wa Afrika walijenga kuta kubwa pia bila saruji, na dunia nzima inazijua. Za kwetu ni ndugu zake.

Sasa angalieni jambo hili. Thimlich ina walinzi wa Makumbusho ya Taifa. Lakini wataalamu wamehesabu zaidi ya maboma 500 ya namna hiyo katika sehemu hizi za kusini mwa Nyanza. Mengi yako ndani ya mashamba ya watu kama wewe na mimi. Mlinzi wake ni mwenye shamba, na kama yeye hajui thamani yake, basi hayana mlinzi.

Pili, mawe yenyewe. Miamba ya Migori ni ya kale sana, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Mingi ilitoka kwenye volkano. Baadaye maji ya moto yenye madini yalipita katika nyufa zake, na yalipopoa yakaacha mishipa ya jiwe jeupe gumu liitwalo kwatsi, mara nyingine pamoja na dhahabu. Ndiyo sababu mchimbaji hufuata mstari mweupe mwambani. Kwa wale wa Seme, Kit Mikayi ni mawe ya granaiti, yaliyopoa chini ya ardhi yakabaki wazi baada ya udongo uliokuwa juu kumomonyoka. Na huko Nyayanga, rasi ya Homa, watafiti walitangaza mwaka wa 2023 kwamba wamepata zana za mawe za miaka kati ya milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Huku kwetu mawe yametumika kama zana tangu zamani mno!

Tatu, migodi. Mgodi wa Macalder huko Nyatike ulitoa shaba, dhahabu na fedha tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa mwaka wa 1966. Wachimbaji wadogo wanaendelea kutafuta dhahabu katika eneo hilo, kina mama wakiwamo, wakiponda mawe na kuosha mchanga. Wazee waliofanya kazi migodini, na watoto wao, wana mambo ya kueleza: mshahara, ajali, nyimbo za kazi, na hali ya soko siku mgodi ulipofungwa. Mzee akifa bila kuulizwa, habari hizo zinazikwa naye.

Kwa nini tusiuze jiwe lenyewe?

Wengine wetu tutajaribiwa kumwuzia mgeni kigae au zana ya kale. Hapana, jamani. Kitu cha kale ni kama shahidi kortini: anasaidia akieleza alikuwa wapi, na nani, na lini. Ukikiondoa mahali pake, mtaalamu hawezi tena kujua kilikuwa katika tabaka gani la udongo wala kilikuwa pamoja na nini. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka wa 2006 ya makumbusho na urithi inakataza kuvifanyia biashara vitu hivyo bila kibali. Ukiokota, acha pale pale, weka alama, kawaarifu Makumbusho. Na kwa hesabu ya kawaida tu: jiwe utaliuza mara moja, habari yake utaieleza kila mwaka.

Hatari ambazo mwongozaji lazima azijue

Mgeni asiingie shimoni hata mara moja, hata akisema yeye ni jasiri. Desemba 2021 mgodi wa dhahabu wa Abimbo huko Bondo uliporomoka ukawafukia wachimbaji. Mashimo ya zamani hufunikwa na nyasi, na mtoto hayaoni. Kikundi kitakachozungushia miiba mashimo yaliyo karibu na njia kitakuwa kimewasaidia wageni na pia watoto wa kijiji.

Hatari ya pili ni zebaki, ile ya kung'aa inayokusanya dhahabu. Ikichomwa, moshi wake unaingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu. Ikimwagwa, maji yanaipeleka mtoni na hatimaye ziwani. Huko Minamata, Japani, mwaka wa 1956 iligunduliwa kwamba watu wanaugua ugonjwa wa ajabu. Baadaye ilijulikana kuwa kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, nao wakala samaki. Sisi tunaokula samaki kila siku tulisikie hilo. Wapitisheni wageni mbali na mahali inapochomwa, na waelezeni kwa nini. Huenda kijana wa kwenu atasikia pia.

Hatua za kuanza

1. Ongeeni na mwenye shamba na wazee kwanza. Bila ruhusa yao hakuna matembezi. Kama kuna kaburi au mahali pa sala, kama pale Kit Mikayi, ulizeni watu hukaaje hapo.

2. Nendeni Makumbusho ya Kisumu, au kwa walinzi wa Thimlich, mwombe ushauri. Mahali palipo chini ya Makumbusho pana taratibu na kiingilio chake. Msiwapite.

3. Tembeeni njia nzima wenyewe. Hesabuni saa, mahali pa kivuli na mahali pa maji. Sisi tuliwahi kuanza saa tano mchana tukiwa na mtungi mmoja wa maji kwa watu kumi na wanane. Mama mmoja alizirai, tukamshusha kwa blanketi. Anzeni saa moja asubuhi.

4. Chagueni waongozaji wawili: mmoja mbele wa kueleza, mmoja nyuma asimwache mtu. Mzee na kijana pamoja ni bora, maana kijana atarithi maneno.

5. Semeni ukweli. Kit Mikayi inasimuliwa kuwa ni jiwe la mke wa kwanza, aliyemletea mumewe chakula pale mawe yalipo. Wanajiolojia wanaeleza lilivyotokea. Elezeni yote mawili, mkitaja lipi ni la wazee na lipi ni la wataalamu. Mgeni akiuliza usilolijua, sema sijui.

6. Kubalianeni fedha kabla ya mgeni wa kwanza. Kwa mfano, katika kila shilingi 100, waongozaji 40, mwenye shamba 20, sanduku la kikundi 40. Andikeni kwenye daftari na msome hesabu mbele ya wote. Vikundi vingi tulivyovijua vilivunjika kwa sababu ya daftari.

Hatutawadanganya. Wageni hawatakuja kila siku, na hakuna atakayeacha shamba lake kwa ajili ya kazi hii. Anzeni na shule za jirani. Haba na haba hujaza kibaba. Hata mwezi usipoingiza shilingi, watoto wa shule watakaopita pale hawatasema tena kwamba ni mawe tu, hayana mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Katika kijiji chetu, ni mzee au mama gani anajua habari za mawe, kuta au migodi? Nani atamtembelea wiki hii?

Ni shimo gani la hatari liko wazi karibu na njia ya watoto?

Kuna ukuta wa kale unaobomolewa sasa? Tutaongeaje na jirani bila kugombana?