Umeusikia Kwenye Matatu: Jinsi ya Kuupata Wimbo, Kuulipia na Kubaki Nao

Uko kwenye matatu, jioni, foleni haisongi. Dereva anaweka wimbo ambao hujawahi kuusikia, na ghafla huna haraka tena ya kufika. Unataka kuuliza ni wa nani, lakini kondakta yuko mlangoni akiita abiria. Kabla hujaamua, wimbo umeisha. Wengi wetu tuna wimbo mmoja tulioupoteza hivyo hivyo.

Siku hizi si lazima uupoteze. Simu yako inaweza kukutajia jina la wimbo, kukupendekezea mingine inayofanana nao na kukuhifadhia yote. Shida huja kwenye kulipa: pesa inatoka, halafu baadaye unagundua hukubaki na kitu. Hilo lilimpata mwenzetu hapa ofisini, na ndiyo sababu tumeandika makala haya.

Shilingi 50 tu, kila wiki

Mwenzetu alijiunga na huduma ya kusikiliza muziki kwa sababu siku za kwanza zilikuwa bure. Akakusanya nyimbo na kuzipanga vizuri: za mazoezi, za kupika, za safari ya kwenda ushago. Siku za bure zikaisha na makato yakaanza, shilingi 50 kila wiki. Hakustuka, kwani 50 ni pesa ya nauli fupi.

Mwaka ulipoisha, alipitia taarifa ya akaunti yake na kupiga hesabu. Wiki 52 mara 50 ni shilingi 2,600. Akakasirika, akajitoa siku hiyo hiyo. Kesho yake, akiwa safarini bila data, akafungua orodha yake. Majina ya nyimbo yalikuwepo, lakini hakuna hata moja iliyocheza.

Hakuna aliyemwibia. Masharti yalikuwepo, ila hakuyasoma. Alikuwa akilipia ruhusa ya kusikiliza, si nyimbo zenyewe. Ni kama kupanga nyumba: ukiacha kulipa kodi unatoka, hata kama mapazia ulinunua wewe.

Kwanza tafuta, na hapa usitoe pesa

Kuugundua muziki mpya hakuhitaji malipo. Shazam ilipoanza Uingereza mwaka 2002, watu walipiga namba 2580, wakaielekeza simu kwenye spika, kisha wakaletewa jina la wimbo kwa SMS. Leo ni programu ya bure inayosikiliza sekunde chache na kulinganisha alama za sauti na nyimbo zilizo kwenye hifadhi yake. Hata bando likiisha ukiwa kwenye matatu, bonyeza tu. Itaweka kile kipande na kukutafutia jina utakapopata intaneti.

Kuna pia programu zinazokutafutia kabla hujauliza. Mwaka 2005 Anthony Volodkin, aliyekuwa mwanafunzi New York, alianzisha Hype Machine, inayokusanya mahali pamoja nyimbo ambazo waandishi wa muziki wanazizungumzia mtandaoni. Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, hukupa orodha ya nyimbo 30 kila Jumatatu kulingana na unavyosikiliza. Na Mdundo, iliyoanzia hapa Nairobi, hukuruhusu kupakua nyimbo bure huku matangazo yakigharamia.

Kisha amua: unapanga au unanunua?

Kama unapenda kuonja nyimbo nyingi na kusonga mbele, kulipia kusikiliza kunakufaa. Ukisikiliza kila siku, shilingi 50 kwa wiki si hasara. Lakini wimbo ambao utautaka hata baada ya miaka kumi, ununue.

Mfano mzuri uko hapa nyumbani. Joseph Kamaru, mmoja wa waimbaji wakubwa wa Kikuyu, alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, aliyerithi jina lake na anayefanya muziki kama KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kupitia Bandcamp. Kwenye Bandcamp ukinunua unapewa faili lenyewe. Kampuni hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, nyingine inaenda kwa mwenye muziki baada ya ada ya malipo. Nyimbo ambazo wazazi wetu walizijua kwa santuri na kaseti, sasa unaweza kuziweka kwenye simu na zikabaki zako.

Hesabu ya bando

Wimbo wa dakika 4 wenye ubora wa juu wa MP3, yaani 320 kbps, ni karibu MB 10. Albamu ya nyimbo kumi ni karibu MB 100. Ukiipakua mara moja kwa Wi-Fi, hutatumia data tena hata ukiirudia mara mia. Ukiisikiliza mtandaoni kwa ubora huo mara kumi, umemaliza karibu GB nzima. Ukishapakua, weka nakala ya pili kwenye memori kadi au kompyuta, maana simu hupotea.

Kabla hujaweka PIN

1. Soma neno linalofuata bei. "Kwa siku", "kwa wiki" na "mara moja" ni vitu vitatu tofauti.
2. Ukichukua siku za bure, weka alamu ya siku moja kabla hazijaisha. Ukiacha kutumia huduma, jitoe. Kufuta programu kwenye simu pekee hakusimamishi makato.
3. Ukilipa kwa dola ukitumia kadi ya mtandaoni, angalia kiwango cha ubadilishaji na ada kabla ya kuthibitisha. Weka kwenye kadi kiasi unachohitaji tu.
4. Usiweke programu za muziki "zilizofunguliwa" zinazosambazwa kwenye magrupu. Programu ya muziki haina sababu ya kusoma SMS zako. Ikiomba ruhusa hiyo, ikatalie, kwa sababu humo ndimo zinamofika namba za kuthibitisha malipo.
5. PIN yako ni yako peke yako. Hakuna mhudumu wetu atakayekupigia kukuuliza.

Leo jioni fungua taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu iliyopita, utafute makato madogo yanayojirudia. Mwenzetu alifanya hivyo, akabakiza huduma moja tu anayoitumia kweli. Sasa kila mwisho wa mwezi ananunua albamu moja. Na ule wimbo wa matatu? Aliupata, na sasa unacheza hata simu ikiwa haina bando.